Nimesoma kitabu, yeye ameona filamu: nani alipe nyama?

#1 Bibi_Inama

Habari zenu. Nina kesi, naomba mahakama ya humu iamue.

Mwezi jana nilipita Moi Avenue jioni nikainama kama kawaida yangu. Wanaojua inama wanajua: vitabu vimetandazwa chini juu ya gunia, ukitaka kusoma lazima kwanza umpigie mwandishi magoti. Nikaondoka na kimoja kwa shilingi 150, jalada limechanika: In a Lonely Place cha Dorothy B. Hughes, riwaya ya 1947. Nilikimaliza kwa siku nne ndani ya matatu za Buruburu, na siku ya tatu nilipitishwa kituo.

Kazini nikamsimulia mwenzangu wa dawati la pili. Nikamwambia kuna jamaa anaitwa Dix Steele, rubani wa zamani wa vita, anaishi Los Angeles, usiku anawanyonga wanawake. Mwenzangu akacheka. Akasema hiyo filamu ameiona, ya Humphrey Bogart, na Dix hajaua mtu. Nikasema ameua. Akasema hajaua. Sauti zikapanda mpaka mkubwa akachungulia mlangoni. Basi tukawekeana dau: kilo moja ya mbuzi choma, Kenyatta Market, ugali na kachumbari juu ya atakayeshindwa.

Usiku ule nikaitafuta filamu. Ni ya 1950. Nimetazama mpaka mwisho huku nimeshika simu, tayari kumpigia nimcheke. Dix hajaua! Jina la hadithi ni lile lile, yeye ni yule yule, rafiki yake polisi ni yule yule Brub, jirani yake ni yule yule Laurel, lakini msichana ameuawa na mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo sina swali la nyama peke yake. Mtu anachukuaje kitabu kinachomhusu mwuaji, halafu anamvua uuaji? Ni kama kupika pilau bila mchele. Kimebaki nini?

#2 Mla_Mutura

Alipe aliyemwaga mtama kwenye kuku wengi. Yaani wewe. Sasa nikisome cha nini?

#3 Bibi_Inama

Kitabu cha 1947 bwana. Hata serikali hufungua faili zake kabla ya hapo.

#4 Wakili_wa_Mtaani

Kabla hatujafika mbali: mlipowekeana dau, nani alitaja ni Dix yupi? Wa kitabu au wa filamu? Kama hakutajwa, hakuna makubaliano, kila mmoja alikuwa anazungumzia mtu wake. Kila mtu ajinunulie nusu kilo, kesi imekwisha.

#5 Kamera_ya_Pili

Nahariri video kwa riziki yangu (harusi, ruracio, mazishi, chochote kinacholipa), na hizi filamu za giza ndizo zilizonifundisha mahali pa kuweka taa. Acha nikujibu.

Sinema za Marekani zamani zilikuwa na kanuni za maadili, watu huziita Kanuni za Hays. Ziliandikwa 1930, zikaanza kukazwa kwelikweli 1934 alipokaa ofisini Joseph Breen. Kila hadithi ilipitia kwake. Mhalifu asionekane anafaidi, maovu yasivutie, mambo ya kitanda yasiguswe. Zilidumu mpaka 1968. Sasa mpelekee Breen hadithi ya mwanamume anayetembea usiku akinyonga wasichana, na wewe mtazamaji umekaa ndani ya kichwa chake kutwa. Ingepita? Ndiyo sababu wakambadilisha. Rahisi hivyo.

#6 Wakili_wa_Mtaani

Swali kwa #1. Kitabuni Dix anakamatwa au anatoroka?

#7 Bibi_Inama

Anakamatwa. Kurasa za mwisho kabisa.

#8 Wakili_wa_Mtaani

Basi Kamera, hoja yako inachechemea. Mhalifu ameadhibiwa, Breen anataka nini tena? Kanuni zilidai dhambi ilipwe, hazikudai dhambi isiwepo. La sivyo kusingekuwa na filamu ya jambazi hata moja miaka ile.

#9 Kamera_ya_Pili

Nakubali nusu. Lakini usidhani wale watu walisoma mwisho tu. Chukua Double Indemnity ya James M. Cain. Ilitoka jaridani kwa mfululizo 1936, filamu ya Billy Wilder ikaja 1944. Miaka minane, kwa sababu ofisi ile ilikuwa imeshaionya Hollywood kwamba hadithi hiyo haifai. Wakala wa bima na mke wa mteja wanamwua mume ili wale fidia. Kitabuni wawili hao wanaishia melini, wanajiandaa kujirusha baharini usiku. Filamu inamrudisha wakala ofisini na risasi mwilini, anakiri kila kitu kwenye mashine ya kurekodi sauti. Wilder alipiga hata mwisho mwingine, jamaa anauawa kwa gesi gerezani, akaukata. Na akapata mwisho mzuri kuliko wa kitabu, mniwie radhi wapenzi wa Cain.

Kingine cha kuchekesha: aliyeandika mswada pamoja na Wilder ni Raymond Chandler, naye ni mwandishi wa riwaya. Alipojaribu mazungumzo ya Cain yakisemwa kwa sauti aliyaona yamelala. Yameandikwa kwa jicho, si kwa sikio. Ukiyasoma yanakata kama wembe, mwigizaji akiyatamka unasikia karatasi.

#10 Shosh_wa_Jericho

Wajukuu, mnazunguka mbuyu. Mimi nimeona sinema Odeon pale Latema Road ninyi wengine wote humu hamjazaliwa. Tuliingia tukiwa tumevaa vizuri. Na kitu cha kwanza mzee wangu kuuliza, Mungu amlaze pema, taa zikizimwa tu: "Stelingi ni nani?" Akishaonyeshwa stelingi anatulia, anakula njugu zake. Stelingi hafi, na stelingi hanyongi wasichana. Siku moja stelingi alipigwa risasi katikati ya filamu na watu wakaanza kudai pesa zao mlangoni.

Huyo Bogart ni stelingi. Ndiyo jibu. Mtalipa tiketi kumwona akikaba shingo za watoto wa watu?

#11 Mla_Mutura

Shosh amefunga uzi. Twende nyumbani.

#12 Kamera_ya_Pili

Shosh shikamoo. Una hoja nzito kuliko unavyojua. Kampuni iliyotengeneza filamu ile, Santana, ilikuwa ya Bogart mwenyewe, ameipa jina la mashua yake. Stelingi ndiye mwenye duka.

Lakini tazama alichokubali kufanya. Barabarani anamshukia kijana wa watu baada ya magari kukwaruzana, anampiga mpaka anaokota jiwe ammalize, Laurel ndiye anayepiga kelele. Mwisho anamkaba Laurel huyo huyo. Mwanzoni mswada ulitaka amwue kabisa, na mkurugenzi Nicholas Ray aliipiga picha hiyo, kisha hakuipenda, wakabuni nyingine pale pale. Simu inalia, polisi wanasema mwuaji amepatikana, Dix si yeye. Wamechelewa. Penzi limeshakufa. Kwa hiyo si mtu aliyeogopa kuchafua jina lake. Kuna kitu kingine hapa na sijui kama ni kanuni wala stelingi.

#13 Binti_Kibokoni

Wallahi mwasahau jambo moja, nanyi mmelishika mkononi. (Mimi ni wa Mombasa, nakaa South C, msinisahihishe Kiswahili.)

Kitabu chatuweka ndani ya kichwa cha Dix tangu ukurasa wa kwanza, ukungu, bahari, msichana ashuka kwenye basi. Twajua anachokunywa, twajua anavyomchukia mjomba anayempa pesa. Lakini mauaji yenyewe hatuonyeshwi hata moja. Sura yakatika, asubuhi yafika, Dix asoma gazeti. Yuwatuficha ilhali tumo kichwani mwake! Huo ndio ufundi wa Hughes. Kalamu yaweza kuruka usiku mzima na msomaji asiudhike.

Kamera yafanyaje? Ikimfuata Dix mpaka kando ya bahari halafu igeuze uso, mtazamaji ashajua. Siri imekwisha dakika ya kumi. Kwa hivyo filamu ikafanya kinyume: ikatoka kichwani mwake, ikatuweka dirishani kwa jirani. Sasa sisi ndio tunaoshuku. Hawakumwondoa mwuaji kwa sababu ya Breen wala ya Bogart. Waliiondoa hadithi kutoka ndani wakaiweka nje, na ukishaiweka nje waweza kubadilisha jibu bila kubadilisha hofu.

Linganisha na The Maltese Falcon ya Dashiell Hammett, 1930. Hammett alikuwa mpelelezi wa Pinkerton kabla hajawa mwandishi, na kitabu kile hakiingii kichwani mwa mtu yeyote. Chasema: aliviringisha sigara hivi, akaiwasha hivi, akatazama vile. Ni kamera tayari. Ndiyo maana John Huston 1941 aliweza kubeba mazungumzo karibu kama yalivyo.

#14 Bibi_Inama

Binti, umenifumbua macho. Nilirudi kutafuta ukurasa wa mauaji nikidhani nimeuruka kwa ajili ya matuta ya Jogoo Road. Kumbe haupo.

#15 Wakili_wa_Mtaani

Naongeza kwa Falcon. Kitu alichokiacha Huston ndicho ninachokipenda mimi. Sam Spade, mpelelezi wa hadithi ile, anamsimulia mwanamke mteja wake habari za bwana mmoja, Flitcraft, aliyekuwa anaenda kula chakula cha mchana, boriti ikaanguka kutoka jengo linalojengwa ikamkosa chupuchupu. Akaiacha familia, akahamia mji mwingine, na baada ya muda akaoa mke mwingine na kuishi vile vile kama mwanzo. Haina uhusiano wowote na kesi. Filamu haina nafasi ya jambo lisilo na uhusiano na kesi. Kila nikipita chini ya magorofa yanayojengwa Kilimani namkumbuka Flitcraft, nahama upande wa barabara.

Pia Spade wa kitabu ana nywele za rangi ya dhahabu. Bogart, aliyemwigiza kwenye filamu ya Huston, je?

#16 Mkuu_wa_Temeke

Wakuu, heshima kwenu majirani. Naona mnataja Wamarekani tu. Sisi tuna Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale imetoka 1960. Tuna Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Tuna Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Kwa nini tusijadili hao?

#17 Binti_Kibokoni

Twawajua, twawapenda, babangu alikuwa na kitabu cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, kimefungwa kwa plasta. Lakini Bwana Msa si giza, kaka. Bwana Msa na kiko chake akaa, awaza, na rafiki yake Najum yupo kando hajui lolote, mwisho kila kitu chawekwa mahali pake, na Unguja yarudi kulala. Noir ni neno la Kifaransa, "nyeusi". Nino Frank, mhakiki wa Paris, ndiye alizipa filamu hizo jina 1946. Hapo mpelelezi mwenyewe ana matope mpaka magotini, na kesi ikifungwa mji wabaki mchafu vile vile.

Mtobwa kidogo, haswa Dar es Salaam Usiku. Hiyo nakupa.

#18 Mkuu_wa_Temeke

Nimeridhika na nusu hiyo. Asante dada.

#19 Mwalimu_Kasarani

Naomba kutoka nje ya mada kidogo, ingawa naona ni ndani.

Nafundisha fasihi kidato cha tatu na cha nne. Kila mwaka vikundi vya maigizo vinazunguka shuleni vikiigiza vitabu teule. Wanafunzi wanalipa, wanacheka, wanapiga makofi. Kuna mwaka kikundi kimoja kilikuja na riwaya, na riwaya huwezi kuiigiza yote kwa saa mbili. Wakaunganisha wahusika wawili wakawa mmoja. Mwigizaji alikuwa hodari mno, alilia machozi ya kweli, darasa zima likalia naye.

Mtihani wa majaribio ukafika. Swali la dondoo: maneno haya yanasemwa na nani? Wanafunzi kumi na tisa wakamtaja yule mama aliyelia. Kitabuni yule mama alishakufa sura mbili nyuma. Niliwapa sifuri huku roho inaniuma, maana najua walichokiona walikiona kweli. Mmoja akaniambia: "Mwalimu, lakini tulimwona akisema." Nimjibu nini?

Mwingine akapata alama zote. Nikampongeza. Akasema siku ya maigizo alikuwa mgonjwa.

#20 Mla_Mutura

Sisi wa vibanda vya video hatuna kitabu wala filamu, tuna DJ Afro, anayetusimulia filamu za kigeni kwa sauti yake juu ya ile ya waigizaji. Hadithi yake ni ya tatu. Unaweza kutazama Wachina saa mbili na utoke ukijua mhalifu ana deni la shamba. Usiku nikiiona filamu yenyewe bila sauti yake, naona wameharibu hadithi.

#21 Dawati_la_Pili

Nimetumiwa linki na mtu wa ofisini. Kwa hiyo mimi ndiye mshtakiwa na sikuitwa mahakamani. Sawa.

Utetezi wangu. Kwanza, nilisema "Dix hajaua", na katika filamu hajaua. Nilichosema ni kweli. Pili, filamu ni kali kuliko kitabu. Mwuaji ni mwuaji, ukishamjua unajua umkimbie. Lakini mtu ambaye hajaua, ambaye angeweza, ambaye simu ikilia dakika mbili baadaye angekuwa ameua, huyo utamfunga kwa kosa gani? Unakaa naye nyumba moja. Mimi filamu ilipoisha sikulala. Kitabu kinakupa jibu, filamu inakunyima. Nyama alipe yeye.

#22 Bibi_Inama

Karibu. Waambie kama umekisoma.

#23 Dawati_la_Pili

Sina muda wa kusoma. Mtu akinisimulia inatosha.

#24 Kamera_ya_Pili

Ngojeni. NGOJENI. Huyu mtu hajui alichosema.

Filamu ile inaanzaje? Dix ni mwandishi wa miswada ya sinema. Amepewa riwaya aigeuze filamu. Hataki kuisoma! Anamkuta msichana wa mkahawani, Mildred, anayepokea kofia za wateja, ambaye amekisoma kitabu na amekipenda. Anamchukua nyumbani amsimulie hadithi. Msichana anasimulia kwa moyo wote, anapandisha sauti, anaigiza. Dix anachoka, anampa pesa ya teksi aende zake. Asubuhi amekutwa amekufa.

Haya yote hayamo kitabuni. Kitabuni Dix anadai kwamba anaandika riwaya ya upelelezi, uongo mtupu, ili mjomba aendelee kutuma pesa. Kwa hiyo watengeneza filamu, wakiwa wamepewa riwaya waigeuze, wakaandika filamu ya mtu aliyepewa riwaya aigeuze na akakataa kuisoma. Na aliyeisoma ndiye anakufa. Walikuwa wanatucheka, au walikuwa wanajicheka?

#25 Mla_Mutura

Bibi Inama, ukimsimulia mwenzako kitabu, kaa karibu na mlango.

#26 Bibi_Inama

Na pesa ya teksi hakunipa.

#27 Afande_Mstaafu

Nimevaa sare miaka ishirini na nane, najibu kama karao. Kitabu na filamu vyote vina kosa moja: yule Brub ni mpelelezi, Dix ni rafiki yake wa jeshini, na anamwalika nyumbani kula huku kesi ikiendelea. Kwenye filamu baada ya chakula Dix anawapanga Brub na mkewe kwenye viti kama wako garini, anawaonyesha jinsi msichana alivyokabwa, na Brub anasahau mpaka anambana mkewe shingo. Kituoni kwetu ungeandikia maelezo wiki nzima. Mshukiwa haalikwi chakula.

Lakini niseme ukweli: nimewahi kunywa chai na mtu miezi sita, tunacheka naye, ndiye tuliyekuwa tunamtafuta. Hakuna muziki uliolia. Hakuna kivuli ukutani. Kwa hiyo kitabu ndicho kiko karibu na kazi. Filamu inakupa taa za ubavuni, ukimwona tu mtu unajua.

#28 Kamera_ya_Pili

Afande, taa za ubavuni ndizo mkate wangu.

#29 Nyota_ya_Umoja_Two

Nimesoma posti zote na kuna kitu kinanikera. Mwanzilishi ameuliza "kimebaki nini" na mmejibu kanuni, stelingi, kamera. Hakuna aliyewataja wanawake.

Kitabu kimeandikwa na mwanamke. Nani anamtambua Dix? Si Brub, mpelelezi mwenye mshahara. Ni Sylvia, mkewe, tangu jioni ya kwanza, kwa jinsi Dix alivyomtazama. Na Laurel. Mwishoni wao ndio wanaowasaidia polisi kumnasa. Dix anajiona anawajua wanawake, kumbe wao ndio wamemsoma. Filamu imegeuza: sasa kushuku kwa Laurel ndiko kunakoua penzi la mtu asiye na hatia. Tunamhurumia Dix! Mwanamke aliyeogopa amegeuzwa tatizo.

Mimi nilikuwa barabarani Januari 2024 tulipoandamana kwa ajili ya wanawake wanaouawa. Nilimsikia mwanamume mmoja kando ya njia akisema "lakini si wote". Hiyo ndiyo filamu ya 1950. Kitabu kilimjibu 1947.

#30 Dawati_la_Pili

Dada sikubaliani, ingawa sitanii tena. Laurel katika filamu ana haki ya kuogopa. Karibu auawe. Filamu haisemi alikosea. Inasema alikuwa sahihi kuhusu mtu, akakosea kuhusu kesi tu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

#31 Nyota_ya_Umoja_Two

Nitaifikiria. Lakini Sylvia wamempa viti na chakula tu.

#32 Shosh_wa_Jericho

Huyo msichana wa Umoja ana akili. Jirani yetu Jericho alikuwa mpole, anabebea watu maji. Mkewe alipotuambia tulisema anamwonea. Sitasema zaidi, ila aliondoka usiku na watoto, na alifanya vizuri.

#33 Sauti_ya_Rongai

Nimechelewa, nilikuwa barabarani, mnajua Rongai.

Langu ni dogo. Mimi nilisoma My Life in Crime ya John Kiriamiti nikiwa shule ya msingi, kitabu kimefichwa ndani ya atlasi. Mtu aliyeiba benki kweli, akafungwa kweli, akaandika. Kimetoka 1984. Jack Zollo wangu ana sura ya mjomba wangu, River Road yangu ina harufu ya samaki wa kukaanga. Sitaki mtu anipe sura nyingine. Kama kuna filamu msiniambie. Mtu akishaona Bogart hawezi tena kumwona Dix wake, si ndiyo?

#34 Bibi_Inama

Mimi nilisoma kwanza, na Dix wangu bado yupo. Kijana, mzuri wa sura, amevaa koti safi. Bogart alipotokea nilidhani ni mjomba wake.

#35 Mkuu_wa_Temeke

Narudi kidogo. Mbona hamjataja The Big Sleep? Riwaya ya Chandler ya 1939, filamu ya Howard Hawks ya 1946. Kuna dereva, Owen Taylor, gari linatolewa majini na yeye amekufa ndani. Nani alimwua? Inasimuliwa kwamba watengeneza filamu walikwama wakampelekea Chandler simu ya maandishi kumwuliza, naye akajibu hajui. Sasa hapo mngewekeana dau, nyama ingeoza.

#36 Wakili_wa_Mtaani

Na filamu ile ilikuwa imekamilika 1945, wakarudi kupiga sehemu mpya ili Bogart na Lauren Bacall waonekane pamoja zaidi, watu wamewapenda. Maelezo ya kesi yakapunguzwa. Shosh, stelingi tena.

Haya, natoa hukumu. Mdai alisema Dix ameua: kweli kwa kitabu. Mdaiwa alisema hajaua: kweli kwa filamu. Ila mazungumzo yalianza kwa kitabu, mdai ndiye aliyekuwa anasimulia, na mdaiwa aliingilia kwa ushahidi wa kitu kingine. Alipe mdaiwa, theluthi mbili.

#37 Mwalimu_Kasarani

Pinga. Kwa hoja hiyo wale kumi na tisa wangu nao ni waongo.

#38 Wakili_wa_Mtaani

Mwalimu, wewe ndiye uliyewapa sifuri.

#39 Afande_Mstaafu

Theluthi mbili ya kilo ni gramu mia sita na kitu. Nani atapima mfupa?

#40 Mla_Mutura

Mutura haina mfupa. Nasema tu.

#41 Dawati_la_Pili

Nimechukua kitabu kwenye droo yake leo saa kumi. Nimekwama hapa Muthurwa, mvua, gari halisogei, niko ukurasa wa 46. Msichana ameshuka kwenye basi, Dix anamfuata, halafu sura ikakatika. Nimerudi nyuma mara mbili. Msiniambie kitu. Yeyote atakayeniambia kitu atalipa yeye.

#42 Bibi_Inama

Kumbe ni wewe! Nimepindua droo nzima nikamshuku mfagiaji.

Jumamosi saa saba, Kenyatta Market, kwa yule mwenye aproni ya kijani. Uje na kitabu, na usikunje kurasa. Jalada limeshachanika, usilimalize.

#43 Dawati_la_Pili

Ukurasa wa 61. Huyu Sylvia anamtazama vibaya.